Hatua Tano Kutoka kwa Hooyo

Kama umepewa tarehe ya kumeza kidonge cha mionzi, na unasoma huku na huku ukitafuta mtu aliyekimeza akabaki hai, basi nipo. Nilikimeza mwaka jana mwezi wa pili. Hakina ladha, hakichomi. Unakinywa na maji, unakaa kitandani ukisubiri jambo litokee, na hakuna linalotokea. Mabaya yaliyonipata mimi hayakutoka kwenye kidonge, yalitoka kichwani mwangu, na ndiyo sababu nimejilazimisha kuandika haya.

Naitwa Yusuf. Ni Msomali wa Kenya, nimezaliwa Isiolo, na huu ni mwaka wa ishirini naishi Small Heath, hapa Birmingham. Nina mke, Zamzam, na binti mmoja, Ifrah, wa miaka kumi na sita, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri kisha anakujibu Kiingereza. Na tulikuwa na mama yangu. Tulimwita Hooyo, ambalo ndilo neno letu la mama, lakini ukiacha hilo yeye mwenyewe alipenda kuongea Kiswahili. Baba yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza kule Afrika Mashariki, na Kiswahili cha kambini ndicho alichokirithi.

Mimi nami ni askari, ila wa mlangoni. Nalinda jengo moja la chuo kikuu hapa mjini. Naangalia vitambulisho, nafungua madarasa, naelekeza watu vyooni. Kuna kibao pale kinachosema kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanasayansi wawili wa chuo hicho waliandika jinsi bomu la atomiki linavyoweza kutengenezwa. Miaka mingi nilikipita bila kukisoma. Aliyenisimamisha nikakisoma ni mwenzangu wa zamu, Bwana Sohan, Singasinga wa Kisumu aliyehamia huku zamani na ambaye hakuna kitabu cha vita asichokijua.

"Yusuf, hawa jamaa walikuwa kama sisi tu," aliniambia. "Refugees. Wamekimbia kwao, wamefika hapa, hawaaminiwi. Ile kazi ya siri ya rada wakanyimwa, ati ni watu wa nchi ya adui. So wakabaki na ile kitu hakuna mtu alidhani ni serious."

Akaanza kuniazima vitabu. Nilikuwa nadhani bomu lile lilianzia Amerika, kumbe hesabu ya kwanza ya maana ilipigwa hapa, hatua chache kutoka dawati langu. Wengine walidhani zingehitajika tani nyingi za madini yale. Wageni wale wawili wakakokotoa, wakaona kwamba donge la kubebeka mkononi lingetosha kuangamiza katikati ya mji. Wakaandika kurasa chache, wakazipiga chapa wenyewe kwa sababu hawakuthubutu kumpa karani. Na katika kurasa hizohizo waliandika jambo ambalo sijalisahau tangu nilipolisoma. Walisema moto ukishazimika itabaki mionzi, na mionzi hiyo itaua hata watu watakaoingia mahali pale baadaye, na upepo utaibeba. Walisema raia wengi mno watakufa, na labda kwa sababu hiyo nchi hii isingefaa kuitumia silaha ya namna hiyo. Walijua yote hayo mapema kabisa, na bomu likatengenezwa na likaangushwa.

Basi nikawa mjuaji. Wazazi wakija kuutazama chuo na watoto wao, kabla hawajaniuliza choo kiko wapi nimeshawaeleza mionzi inavyoingia kwenye mfupa. Zamzam aliniambia siku moja kwamba nikialikwa harusini nisikae meza ya wageni.

Hooyo peke yake hakuchoka kunisikiliza, maana bomu lile lilikuwa pia habari ya nyumbani kwao. Babu alipigana Burma. Kikosi chao kikarudishwa India kupumzika na kujiandaa, wakijua kwamba watapelekwa mbele tena na kwamba wengi hawatarudi. Mara wakasikia miji miwili ya Japani imeteketezwa, vita vimekwisha. Babu akarudi Isiolo, akaoa, akamzaa Hooyo. Kila mwaka alichinja mbuzi kushukuru kurudi kwake, akaita majirani wote. Hooyo alipokuwa msichana wa shule, mwalimu akawaeleza ni watu wangapi walikufa katika miji ile. Akarudi nyumbani analia, akamwambia baba yake. Babu akamjibu, "Najua. Umewahi kuniona nikimla mbuzi huyo?"

Ni kweli, hakuwahi kumla. Alimchinja, akagawa, akanywa chai.

Sasa nije kwenye ugonjwa. Zamzam ndiye aliyeona uvimbe, majira ya joto yanaisha, nikiwa nanyoa ndevu na shingo nimeinyanyua. Kilikuwa kivimbe kidogo upande wa kulia, hakiumi. Nikakipuuza wiki tatu. Baada ya hapo nikaanza maisha ya kungojea: kungojea sindano, kungojea picha, kungojea barua, kungojea jina lako liitwe na mtu ambaye hawezi kulitamka. Katika chumba kile cha kungojea kulikuwa na tangi la samaki lenye samaki mmoja tu. Kila nilipokwenda nilimtafuta kwanza yeye, nikimwona yuko hai natulia. Mtu mzima mimi, nimejifunga kwa samaki.

Ilikuwa kansa ya tezi ya shingo. Daktari alisema kama lazima upate kansa basi hii ni afadhali, na mimi nilimchukia kwa neno hilo siku nzima. Walinipasua majani yakiwa yanaanguka. Nikaamka na mshono shingoni na sauti ya mtu anayenong'ona. Mwili ulibadilika kwa namna ambazo hakuna aliyenitahadharisha: baridi isiyoisha hata nikivaa makoti mawili, ngozi kukauka, usingizi wa mchana kama mtoto mchanga, na machozi ya bure. Siku moja nililia dukani Coventry Road kwa sababu mwenye duka aliniuliza kama nataka mfuko.

Hooyo hatukumwambia. Kwetu neno kansa halitamkwi, watu husema "ule ugonjwa" na kushusha sauti. Tulimwambia ni tezi tu, imetolewa, yamekwisha. Nilijiambia ni kumhurumia. Alikuwa na miaka sabini na kitu, magoti mabovu, moyo unaodunda ovyo, na chumba chake kilikuwa cha chini, cha mbele, kwa sababu ngazi zilishamshinda.

Lakini mama ni mama. Tangu utotoni mwangu nikiumwa alikuwa ananisomea. Anaweka kiganja pale panapouma, anasoma aya zake polepole, anapuliza. Baada ya upasuaji alifanya hivyo kila jioni. Nilikaa sakafuni mbele ya kiti chake, naye anaweka mkono wake juu ya mshono. Ulikuwa mkono mkavu, wenye joto, unaonukia mafuta ya ufuta. Nilipita miezi ile mibaya kwa mkono ule, wala sisemi kwa kupamba. Dawa za daktari zilifanya kazi yake, lakini kilichonilaza usingizi ni ule mkono.

Baridi ilipokolea wakaniambia kuna mabaki, itabidi nimeze kidonge cha iodini yenye mionzi ili yachomwe. Wiki mbili kabla yake nilikatazwa samaki, mayai na maziwa. Msomali aliyenyimwa chai ya maziwa ni mtu wa kuhurumiwa. Nilikunywa chai ya rangi nikinung'unika, na Hooyo akashuku.

"Hospitali gani inakataza maziwa?" aliniuliza.

"Ni kwa ajili ya tumbo, Hooyo."

"Tezi iko shingoni, tumbo limefanya nini?"

Nikamwambia nachelewa kazini, na kazini nilikuwa nimepewa likizo tangu Oktoba.

Nesi alinipigia kabla ya siku yenyewe. Aliuliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mja mzito. Nikasema hakuna, kuna mke wangu, binti yangu mkubwa na mama yangu mzee. Akaanza kunieleza mambo, nami nikawa namwitikia tu. Siku ya kidonge akanipa pia karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaniambia niisome yote na nikiwa na swali nipige simu. Niliiweka mfukoni. Nilishasoma vitabu vya Bwana Sohan, mtu wa karatasi ya kukunja angenifundisha nini?

Kidonge kilikuja ndani ya kopo zito la madini ya risasi, kikatolewa kwa koleo. Chumba kilikuwa na choo chake, na simu na vitasa vimefungwa plastiki. Mtu wa chakula aliweka sinia mlangoni akaondoka. Walikuwa wema, walinipungia mkono, lakini walinipungia kwa mbali. Siku mbili nilikaa dirishani nikiangalia mvua, na sikuwaza kansa yangu. Niliwaza miji ile miwili. Niliwaza watu walioingia siku za baadaye kutafuta ndugu zao, hawana hata kidonda, halafu nywele zikaanza kuwatoka. Nikajiangalia mikono, nikaona sasa mimi ndiye kile kitu chenyewe. Niliogopa vibaya sana, na sikumwambia mtu.

Siku ya kutoka walinipima kwa kipimo chao cha mionzi, wakasema kiwango ni kizuri, nenda nyumbani, kaa mbali na watoto wadogo na waja wazito kwa muda walioniandikia. Kwa watu wazima walisema neno pia. Mimi nilishatunga sheria yangu: hatua tano kutoka kwa kila mwenye roho, wiki mbili. Zamzam aliendesha gari, mimi nyuma kwenye pembe, dirisha wazi, baridi ya Februari inatukata wote wawili.

Hooyo tulikuwa tumemwambia niko London kikazi. Nilipoingia nikamwambia nina homa kali ya kuambukiza, asinikaribie. Huo ulikuwa uongo wa kijinga kuliko wote niliowahi kusema, kwa sababu hakuna mama duniani anayekimbia homa ya mwanawe.

"Homa?" alisema, amesimama mlangoni pa chumba chake na mkongojo. "Nilikulea na surua, nikakulea na kifaduro. Homa ndiyo initishe leo? Njoo nikusomee."

"Kesho, Hooyo."

Nilihesabu hatua kwenye ukumbi. Kutoka mlango wake hadi ngazi ya kwanza ni hatua tano kamili. Ikawa kila jioni nashuka kutoka chumba cha nyuma, nasimama kwenye ngazi ile, yeye anakaa mlangoni pake kwenye kiti. Alinisomea kutoka huko, akanipulizia hewani. Siku ya pili alifanya hivyo, na ya tatu. Nilikuwa nageuza uso pembeni, nikiogopa pumzi yangu isimfikie. Kile kitu cha upepo kubeba kilikuwa kimenikaa kichwani. Yeye aliniona nageuza uso.

Siku ya nne alimaliza kusoma, akanyanyuka. Akaja taratibu, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha kuelekea shingo yangu.

"Hooyo, usinikaribie!" nikapiga kelele. Sauti iliyokuwa haijapona vizuri ilitoka yote siku hiyo. Nikapanda ngazi mbilimbili, nikafunga mlango.

Sikusikia mkongojo wake ukirudi chumbani. Halafu nikamsikia Ifrah akimwambia, "Ayeeyo, come and sit down, he's just tired." Ayeeyo ndiyo bibi kwetu. Na Hooyo akamjibu kwa Kiswahili, si kwa hasira, "Nimemkosea nini baba yako?"

Nawaambieni ukweli, maneno hayo yaliniuma kuliko kisu cha daktari.

Siku ya tano alikuja Bwana Sohan kutoka kwake Moseley, na mfuko wa machungwa na peremende za limau, maana nesi alisema ninyonye vitu vichachu mate yasikauke. Tulikutana uani. Nikamwambia abaki getini.

"Wewe wacha," alisema, akaja moja kwa moja akakaa kwenye kiti kingine, karibu yangu. "Nina seventy-two years. Mionzi ya nusu saa inifanye nini?"

"Bwana Sohan, wewe ndiye uliyenipa vitabu. Unajua mambo haya yanavyoua."

"Vitabu vya bomu, Yusuf. Bomu! Wewe umekunywa dawa. Uliuliza hospital, ama umesoma vitabu vyangu tu?"

Nikakasirika. Nikamwambia mimi ni mgonjwa, sihitaji kuhojiwa. Akanimenyea chungwa, akaliweka mezani, akaondoka. Karatasi ya nesi ilikuwa bado mfukoni mwa koti, kwenye kigingi nyuma ya mlango. Ningeweza kuinuka tu nikaisoma.

Hata hivyo alinitikisa. Usiku ule niliamua kumwambia Hooyo ukweli: ugonjwa, kidonge, na kwa nini nilimfokea. Nikapanga iwe kesho yake baada ya alasiri, saa zetu za kila siku. Nikafanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo, jinsi ya kulitamka neno lenyewe bila kumtisha.

Saa nne asubuhi Zamzam alimpelekea chai, akamkuta kwenye kiti chake, tasbihi mapajani. Aliita jina langu mara moja tu, na kwa jinsi alivyoita nikajua.

Nilishuka nikasimama kwenye ngazi ya kwanza. Nataka mlielewe hili, kwa sababu mimi mwenyewe bado silielewi: mama yangu amekufa na mimi nimesimama hatua tano. Watu wa ambulansi walikuja, wakamlaza chini, wakajaribu, wakaacha. Ifrah alimkumbatia akalia. Zamzam akamfunga kidevu, akamfumba macho. Wote walimgusa isipokuwa mwanawe.

Nikapiga simu hospitalini. Nilitaka kuuliza jambo moja. Mimi ni mwanawe wa pekee wa kiume hapa, natakiwa nishuke kaburini kumpokea, na kaburini mnasimama bega kwa bega. Je, nitawadhuru wenzangu?

Nesi aliniambia pole, akaniambia nishuke, dakika zile chache hazimdhuru mtu. Kisha akaniuliza kama angalau nilipata kukaa na mama siku hizi za mwisho.

"Hapana," nikasema. "Mlisema nikae mbali."

"Mbali na watoto na waja wazito," alisema, kwa upole sana. "Mama wa umri ule, ungekaa karibu naye dakika kadhaa kila siku bila wasiwasi. Hata kumshika mkono. Tumeandika kwenye karatasi yako."

Nilikwenda kwenye koti. Ilikuwa ukurasa wa pili, juu kabisa, kwa herufi nene. Wala haikuwa na maneno magumu.

Basi nikavuka zile hatua tano. Nilimwomba Zamzam atuache, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni kando yake, pale walipomlaza. Gari la msikiti lilikuwa njiani. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi, kansa, kidonge, vitabu, kila kitu. Nikamwomba radhi. Kisha nikauchukua mkono wake, ulikuwa bado haujakakamaa, nikauweka kwenye mshono wangu. Ulikuwa baridi. Bado ulinukia ufuta. Nikasoma mimi zile aya alizokuwa akinisomea, kwa sauti yangu hii mbovu, nikakaa hivyo mpaka walipobisha hodi.

Tulimzika baada ya siku mbili, mvua ikinyesha, na nilishuka. Jamaa walileta nyama ya mbuzi na wali kwa wafiwa. Nilipewa sahani, nikampa Bwana Sohan aliyekuwa amekaa pembeni yangu na kilemba chake cheupe, nikanywa chai. Alinitazama, akajua asiniulize.

Miti ilipoanza kuchipua walinipiga picha nzima ya mwili. Safi. Daktari alinipa mkono, nikampa wangu. Kwenye chumba cha kungojea samaki alikuwa bado yuko. Nilifurahi, nilishukuru, sikatai. Lakini nilipofika nyumbani na habari njema hakukuwa na wa kumpa kwanza, na nilisimama ukumbini muda mrefu na koti langu.

Basi wewe uliyeandikiwa kidonge, usiogope kidonge. Mwambie mama yako, na ulitaje kwa jina lake. Isome karatasi siku uliyopewa. Na nesi akikuuliza nyumbani kuna nani, mjibu, halafu umuulize na wewe: nani ninaweza kukaa naye, na kwa dakika ngapi. Mimi nilikuwa na dakika hizo kila siku, siku tano mfululizo, na mama yangu alizifuata kwa mkongojo mpaka ngazi ya kwanza, nami nikamfokea.